Kitulizi cha Kamera na Fizikia ya Fundi Baiskeli

Mji wa Runzewe, katika Wilaya ya Bukombe, umekaa penye njia panda. Barabara kuu itokayo Kahama na Ushirombo kwenda Nyakanazi hukutana hapo na ile inayoshuka kutoka Geita kwa njia ya Bwanga. Hadi mwaka 2012, ulipoundwa Mkoa wa Geita, wilaya hiyo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, na hata leo wazee wengi huihesabu Shinyanga kuwa ndiyo makao yao makuu. Mahali penye njia panda na dhahabu hapakosi sherehe, na siku hizi sherehe haihesabiwi kuwa imekwisha mpaka picha zake zimeonekana. Ndipo atokeapo kijana mmoja mwenye simu, akitembea kinyumenyume mbele ya maharusi, ameishika simu hiyo kwa mikono miwili kana kwamba ni bakuli la uji wa moto. Anajitahidi kwa kadiri ya uwezo wake. Hata hivyo, picha ikitazamwa jioni, bibi harusi anaruka juu na chini, mapambo yanayumba, na mtazamaji anapata kizunguzungu kama abiria wa nyuma ya lori.

Kijana huyo ana njia tatu. Anaweza kuyakubali matokeo hayo. Anaweza kununua mjini kifaa cha umeme chenye mota ndogo, ambacho bei yake yaweza kumla mapato ya sherehe kadhaa. Au anaweza kukitengeneza kifaa cha kuituliza kamera kwa mikono yake, kwa bomba la plastiki, beringi iliyochakaa na washa za chuma, vitu ambavyo fundi wa baiskeli au wa pikipiki huvitupa kila siku. Njia hii ya tatu ndiyo inayostahili kutetewa katika kurasa hizi. Haitetewi kwa sababu ya urahisi wa bei peke yake. Inatetewa kwa sababu ndani yake mna sura nzima ya somo la fizikia ambayo wanafunzi wengi wa sekondari huikariri bila kuigusa.

Yafaa kwanza kuuliza ni mtikisiko upi hasa unaoiharibu picha. Watu wengi hudhani kwamba ni kule kupanda na kushuka kwa mkono. Dhana hiyo ina ukweli kidogo tu. Mkono ukishuka kwa sentimita moja bila kugeuka, taswira ya mtu aliyesimama mita 10 mbele hubadilika kana kwamba yeye ndiye aliyepanda sentimita moja, jambo ambalo jicho halilitambui. Lakini simu ikiinama kwa nyuzi moja tu, mahali inapoelekea huhama kwa sentimita 17 kule mbele kwenye mita 10. Adui, basi, ni mzunguko. Mkono wa binadamu una viungo vingi, na kila kiungo huongeza kijizunguko chake, na kila hatua ya mguu huuamsha upya. Anayetaka picha iliyotulia hana haja ya kuizuia simu isisogee. Kinachomlazimu ni kuizuia isigeuke.

Jibu la swali hilo linajulikana vema na muuza maji. Mtu aliyebeba madebe mawili kwa mzega, moja kila ncha, huona taabu kugeuka ghafula katikati ya watu sokoni. Uzito uleule, akiubeba kwa mkumbatio kifuani, ungemruhusu kugeuka mara moja. Uzito haukuongezeka. Kilichobadilika ni umbali wake kutoka kwenye mhimili wa kugeukia. Wanafizikia huuita ukaidi huo wa kitu dhidi ya kuzungushwa momenti ya inesha, na kanuni yake ni nyepesi: zidisha tungamo kwa umbali wake kutoka kwenye mhimili, kisha uzidishe tena kwa umbali huohuo. Umbali huhesabiwa mara mbili. Kwa hiyo gramu chache zilizo mbali hufanya kazi kubwa kuliko kilo nzima iliyo karibu, na ndiyo maana mtembea kamba hubeba ufito mrefu, wala habebi jiwe.

Kitulizi cha kamera ni mzega uliosimamishwa wima. Chukua bomba la plastiki la kupitishia waya za umeme, lenye kipenyo cha milimita 20 na urefu wa nusu mita. Bomba hilo peke yake hupindika na kutetemeka, kwa hiyo lijazwe ndani kwa ufito mkavu ulionyooka. Juu yake hukazwa kibao kidogo cha kushikia simu. Chini yake hukazwa kitawi cha mlalo chenye urefu wa sentimita 20, na kila ncha ya kitawi hicho hutiwa boliti yenye washa kadhaa. Kazi ya seremala imekwisha. Hesabu yake ni hii. Tuseme simu pamoja na kibao ni gramu 200, na washa za chini ni gramu 300. Uzito wa bomba wenyewe twaweza kuuacha kwa sasa. Kitovu cha uzito cha chombo chote kitakuwa sentimita 30 kutoka juu na sentimita 20 kutoka chini, maana 200 mara 30 ni sawa na 300 mara 20, hesabu ya nyenzo ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaifahamu. Simu peke yake, ikilazwa kwa upana na kuzungushwa kama usukani wa gari, ina momenti ya inesha ipatayo 0.0005 kwa vipimo vya kilo na mita mraba. Chombo hiki, kikizungushwa hivyohivyo kukipitia kitovu chake cha uzito, kina 0.03. Ukaidi wake umeongezeka karibu mara 60, kwa washa ambazo zingeweza kuingia mfuko wa shati.

Kuhusu kugeuka kushoto na kulia, bomba la wima halisaidii lolote, kwa kuwa uzito wake wote uko juu ya mhimili wenyewe. Hapo ndipo kitawi cha chini kinapolipa gharama yake. Gramu 150 kwa kila upande, sentimita 10 kutoka kwenye bomba, huzidisha ukaidi wa simu upande huo kwa kama mara nane. Si nyingi kama zile 60, na mpiga picha ataona kweli kwamba chombo chake ni hodari wa kutokuinama kuliko kutogeuka. Akitaka zaidi, arefushe kitawi. Lakini akumbuke pia kwamba kitawi kirefu hugonga magoti.

Mpaka hapa chombo kina ukaidi, lakini bado kimeshikwa na kiganja, na kiganja kinao uwezo wa kukigeuza. Sehemu ya pili ya siri ni kukishika pasipo kukishika. Mabaharia waliitatua shida hii zamani: dira ya meli huning'inizwa ndani ya pete mbili, moja ndani ya nyingine, ili meli ikilala upande, dira ibaki sawa. Fundi wa Runzewe hahitaji pete za shaba. Beringi ya gurudumu la pikipiki yenye tundu la milimita 20 huvikwa kwenye bomba, na hiyo humpa mzunguko wa kwanza. Ubavuni mwa beringi, pande mbili zinazoelekeana, hushikizwa boliti mbili ndogo zinazopita katika kipande cha bati nene kilichokunjwa kama kiatu cha farasi, na hizo humpa mzunguko wa pili. Kipande hicho cha bati nacho hukazwa kwa nati isiyobana juu ya mpini wa mbao, na huo ni wa tatu. Mtu akikishika chombo kwa mpini huo, anaweza kukikunja kiganja huku na huku, na simu isijali.

Basi swali linalobaki, ambalo ndilo tamu kuliko yote, ni hili: beringi iwekwe wapi? Ikiwekwa chini ya kitovu cha uzito, chombo kitapinduka, kichwa chini, mbele ya wageni. Ikiwekwa juu sana, chombo kitakuwa timazi, na kila mpiga picha akianza kutembea au kusimama, kitabembea kama kengele ya kanisa. Ikiwekwa kwenye kitovu chenyewe barabara, hakitapinduka wala kubembea, lakini pia hakitajua juu ni wapi, na kitakaa vyovyote kitakavyoachwa. Mahali panapofaa ni juu ya kitovu kwa kiasi kidogo mno. Kwa vipimo vilivyotajwa, beringi ikiwa sentimita 5 juu ya kitovu, bembea moja kamili, kwenda na kurudi, huchukua sekunde 2 na kidogo. Ikiteremshwa mpaka sentimita 1, bembea hiyohiyo huchukua karibu sekunde 5. Mtu anayetembea kwa kawaida hukanyaga hatua kama 2 kwa sekunde, maana yake mguu wa kulia hurudi chini kila baada ya sekunde moja. Bembea ya sekunde 2 iko jirani mno na mwendo huo na itauitikia. Bembea ya sekunde 5 iko mbali, nayo itaupuuza. Jambo hili ni lilelile linalomfanya mtoto aliye kwenye bembea apande juu zaidi anaposukumwa kwa wakati wake, na asipande anaposukumwa ovyo.

Mwalimu asiye na mizani asikate tamaa. Kitovu cha uzito hutafutwa kwa kukilaza chombo juu ya makali ya kisu mpaka kisilale upande wowote, kisha kuweka alama ya kalamu. Kama darasa lina saa yenye mshale wa sekunde, lina maabara. Wanafunzi wabembeze chombo, wahesabu bembea 10, wagawanye, wasogeze beringi, warudie, na kuchora mchoro wa muda dhidi ya umbali. Wa kidato cha tano, ambao wamefika kwenye mizunguko ya vitu vigumu, wanaweza kwenda kinyume na kuitafuta momenti ya inesha kutoka kwenye muda huo, halafu kuilinganisha na ile ya hesabu. Hazitalingana kabisa. Bomba liliachwa nje ya hesabu, na kibao si nukta. Mjadala wa kwa nini hazilingani unafaa kuliko jibu lenyewe.

Wapo watakaosema kwamba kifaa hiki ni ugunduzi wa Wamarekani, nacho kweli kina historia huko. Garrett Brown, mpiga picha wa Philadelphia, alikibuni kifaa kikubwa kilichoitwa Steadicam katika miaka ya 1970. Kilitumiwa katika filamu za Bound for Glory na Rocky, zote za mwaka 1976, na mwaka 1978 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Oscar. Kwake yeye kulikuwa na mkono wa chuma wenye springi, uliofungwa kwenye fulana ya mpiga picha, ili kuzuia pia ule mpando na mshuko ambao beringi haiwezi kuuzuia. Miaka ya mwanzo ya 2000, kijana mwingine wa Marekani, Johnny Chung Lee, aliwaonyesha watu jinsi ya kuunda kitulizi cha mabomba ya maji kwa dola 14. Hakikuwa na springi wala viungo vya pete. Kilikuwa na mabomba ya chuma tu, kiungo chenye umbo la herufi T, na uzito chini. Kwa kijana wa Bukombe, mfano wa Lee una faida kubwa kuliko ule wa Brown, kwa kuwa unaonyesha ni kiasi gani cha kazi hufanywa na inesha peke yake, kabla ya ufundi mwingine wowote.

Lakini kuhusu huo mkono wenye springi, Afrika Mashariki ina la kusema. Mwaka 1986, katika jarida la Nature, kikundi cha watafiti, akiwamo Profesa G. M. O. Maloiy wa Nairobi, kilieleza kwamba wanawake wa Kenya waliozoea kubeba mizigo kichwani waliweza kuchukua mzigo wenye uzito wa hadi asilimia 20 ya miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu. Mwaka 1995, katika jarida hilohilo, ilielezwa kwamba siri iko katika mwendo wao: mwili hubembea juu ya mguu kama timazi iliyogeuzwa, na wao huirejesha nguvu ya bembea hiyo kwa ubora kuliko watu wengine. Watafiti walipima nguvu, hawakupima maji yaliyomwagika. Hata hivyo, kila aliyemwona mama akitoka kisimani na ndoo juu ya ngata anajua kwamba shingo iliyonyooka na magoti yanayokubali kukunjika kidogo hufanya kazi ya springi. Mpiga picha mwenye kitulizi cha mbao na beringi anahitaji mwendo huohuo: kiwiko kimekunjwa, kisigino kikitangulia taratibu, goti halikukakamaa. Hakuna kiwanda kinachouza mwendo huo. Tena mama huyo huweka matawi ya majani juu ya maji ili yasichafuke na kumwagika. Majani hayo huyala mawimbi, kama vile msuguano mdogo ndani ya beringi unavyoyala mabembeo yaliyobaki. Beringi iliyo laini kupita kiasi si baraka, na grisi kidogo ndani yake hufanya kazi ya majani ya ndooni.

Kwa nini basi jambo hili linahitaji kutetewa? Kwa sababu shuleni lina wapinzani, na hoja zao si za kupuuzwa. Wa kwanza husema kwamba simu hairuhusiwi mikononi mwa wanafunzi. Ni kweli, na kanuni hiyo inayo sababu zake, ambazo mwalimu wa zamu anazijua. Lakini hakuna mahali ambapo kitulizi kinadai simu ya mwanafunzi. Simu moja ya mwalimu, ikiwa imekazwa kwenye kibao kwa kipindi kimoja, inatosha darasa zima. Na hata hiyo isipokuwapo, kipande cha mbao cha gramu 200 kinaweza kuchukua nafasi yake katika vipimo vyote vya bembea. Kinachokosekana ni picha ya mwisho tu.

Wa pili husema kwamba hizo ni kazi za mikono, na kwamba wanafunzi wameletwa kusoma. Hoja hii ni ya kale. Mwalimu Nyerere aliijibu mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, na inasikitisha kwamba inahitaji kujibiwa tena kila kizazi. Kati ya mwaka 2012 na 2015 wananchi walihimizwa, na wengine walichangishwa, kujenga maabara tatu katika kila sekondari ya kata. Kuta zilisimama mahali pengi. Lakini maabara ni chumba, na chumba hakimfundishi mtu. Mwanafunzi anayejua kwamba momenti ya inesha hupatikana kwa kuzidisha, na ambaye hajawahi kuuhisi ukaidi wake kwenye kiganja, ataisahau kanuni hiyo wiki moja baada ya mtihani, na hapana wa kumlaumu. Wengi wao huliacha somo la fizikia mara wanaporuhusiwa kuchagua, kidato cha tatu, wakisema ni gumu. Ugumu upo, lakini sehemu yake ni ugumu wa kuzungumziwa vitu visivyoonekana wakati vile vinavyoonekana vimelala nje ya dirisha, penye karakana ya baiskeli.

Mtaala mpya uliotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, umeleta mkondo wa amali sambamba na ule wa elimu ya jumla. Ni hatua ya kupongezwa. Ina hatari moja, nayo ni kwamba shule zinaweza kuielewa kuwa idhini ya kuwatenganisha wanaoshika nyundo na wanaoshika kanuni. Kitulizi hakikubali utengano huo. Fundi asiyejua kitovu cha uzito atasogeza beringi kwa kubahatisha kutwa nzima. Na mwanafunzi anayekijua kitovu lakini hawezi kutoboa bati bila kulipinda atabaki na mchoro daftarini.

Wa tatu, ambao ndio wengi, hawasemi kitu. Hucheka tu. Kijana anayefunga washa kwenye bomba huonekana kama anayecheza. Tanzania ina kumbukumbu mbaya na nzuri ya kicheko cha namna hiyo. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba huko Lushoto, mwanafunzi Erasto Mpemba aliona wakati wa kutengeneza aiskrimu kwamba maziwa yake yaliyokuwa bado ya moto yaliganda kabla ya yale yaliyopozwa. Aliuliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Aliuliza tena alipokuwa Mkwawa, Iringa, safari hii mbele ya Dkt. Denis Osborne, mhadhiri mgeni kutoka Dar es Salaam, na wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Alirudi, akaagiza jaribio lifanyike, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education. Hadi leo wanasayansi wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli, na mwaka 2016 yalitolewa maandishi yanayolitilia shaka kubwa. Kwa mwalimu wa Bukombe, ubishi huo haupunguzi uzito wa kisa. Swali lilitoka katika friza ya shule, si katika kitabu, na kama mhadhiri yule naye angecheka, kusingekuwa na lolote la kubishania.

Haifai pia kuwadanganya vijana kwamba chombo hiki kinashinda vyote. Kwenye upepo mkali wa Agosti, kibao cha simu hugeuka tanga dogo na chombo huyumba. Baada ya robo saa mkono huchoka, maana nusu kilo iliyo mbele ya mwili si nusu kilo ya kwenye mfuko. Vifaa vya umeme vyenye mota tatu huizidi beringi ya pikipiki katika kugeuka kushoto na kulia, na hiyo ni haki yake kusemwa. Ndani ya simu zenyewe, mnamo miaka ya karibuni, mmewekwa vihisi vidogo vya mzunguko, na katika baadhi ya simu lenzi husogezwa kwa sumaku na koili ili kuukimbiza mtikisiko. Simu nyingine hukata kingo za picha na kuisogeza iliyobaki. Ufundi huo hufuta mitetemeko midogo ya kasi. Mayumbo makubwa ya mtu anayetembea huuzidi, na ndipo bomba na washa vinapokuja kuusaidia. Vitu viwili hivyo ni ndugu, si wapinzani.

Kwa kuwa lenzi hizo hutegemea sumaku, kijana asishawishike kutumia sumaku za spika mbovu kama uzito wa kibao cha juu, ingawa ni nzito na zinapatikana kwa wingi. Washa za chuma, zikiwa nusu mita chini, hazina madhara. Na kuna jambo la kuwaambia waendesha bodaboda, ambao wengi wao hufunga simu kwenye usukani ili wairekodi njia au waione ramani. Mwaka 2021 kampuni ya Apple ilitoa tahadhari kwamba mitetemo mikali ya injini za pikipiki, ikipitishwa kwenye simu moja kwa moja kwa muda mrefu, inaweza kuiharibu mifumo hiyo ya kutuliza picha. Kilichotengenezwa ili kupambana na mtikisiko huuawa na mtikisiko uliozidi.

Matumizi ya kitulizi hayaishii harusini. Usukuma una mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu, ambayo kila Juni huwakusanya watu Bujora, karibu na Kisesa, wakati wa sikukuu ya Bulabo. Wachezaji hawasimami mahali pamoja; wa bugobogobo hurusha majembe, na wengine hucheza na chatu hai. Ngoma hiyo haiwezi kupigwa picha kwa kamera iliyosimikwa kwenye miguu mitatu. Mpiga picha lazima aingie ndani, azunguke, arudi nyuma, na anayerudi nyuma kumkwepa chatu hana nafasi ya kuufikiria mkono wake. Picha za ngoma hizo zikitikisika, wajukuu hawataziangalia, na mitindo ya miguu, ambayo haiandikiki, itapotea. Marehemu Steven Kanumba, aliyezaliwa Shinyanga mwaka 1984 na kufariki Dar es Salaam mwaka 2012, alitoka sehemu hizi akawa uso wa filamu za nchi nzima. Haiyumkiniki kwamba yeye ndiye wa mwisho, lakini wale watakaomfuata watahitaji wapiga picha kama walivyohitaji waigizaji.

Machimboni pia kuna kazi. Karasha inayosaga mawe, ukanda wake unavyoteleza, mahali maji yanapovuja kwenye mwalo: haya yote mtu anaweza kuyapiga picha akitembea na kumwonyesha fundi aliye mbali, kama picha inatazamika. Kuingia kwenye duara ni jambo jingine. Humo mikono yote miwili ni ya kamba, wala haifai kamwe kushika kitulizi.

Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, ambayo yalianza mwaka 2019, hupokea kazi za shule. Shule itakayopeleka kitulizi isipeleke chombo peke yake. Ipeleke mchoro wa muda wa bembea dhidi ya umbali wa beringi, pamoja na nukta zilizokataa kukaa kwenye mstari, na picha mbili za mtu yuleyule akipita barabara ileile, moja kwa mkono mtupu na moja kwa chombo. Vumbi la kiangazi la Runzewe huingia kwenye beringi yoyote isiyofunikwa, na kabla ya kurekodi picha ya pili ni vema beringi ifunguliwe, ioshwe kwa mafuta ya taa, ikaushwe, na kutiwa grisi kidogo kama ncha ya kiberiti.